Meza ya rejea kwa watoto na vijana: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa na mkutubi wa sehemu ya watoto na vijana katika maktaba ya mkoa, Tanzania Bara. Ni kwa ajili ya wanafunzi wa shule za msingi na sekondari, wazazi, walezi na walimu. Mambo kama ada ya uanachama na saa za kufungua hutofautiana, kwa hiyo kwa hayo ulizia kwenye maktaba iliyo karibu nawe.

Huduma ya rejea ni nini?

Ni msaada wa kutafuta. Wewe una swali. Sisi tuna vitabu, magazeti ya zamani, ramani, kompyuta na uzoefu wa kujua kitu gani kinakaa wapi. Unakuja mezani, unauliza, tunatafuta pamoja mpaka upate jibu au ujue pa kulipata. Unaweza kuuliza bila kuazima kitabu chochote.

Wapo wanafunzi wanaosoma maktaba tangu darasa la tatu mpaka kidato cha nne bila kumuuliza mkutubi hata swali moja. Wanadhani kazi yake ni kugonga mihuri na kunyamazisha watu. Kuulizwa ndiyo kazi yetu, na ndiyo sehemu ya kazi tunayoipenda kuliko zote.

Mtoto anaweza kuja kuuliza mwenyewe, au lazima aletwe na mkubwa?

Aje mwenyewe. Anasubiri zamu kama watu wengine, na zamu yake ikifika hasukumwi pembeni kwa sababu nyuma yake amesimama mtu mzima mwenye haraka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto haki ya kutafuta na kupokea habari. Kwenye meza yetu haki hiyo inaanza kwa kumtazama mtoto usoni anapozungumza.

Mzazi ukimleta, tunashukuru. Tunakuomba jambo moja tu: mwache aanze yeye. Mara nyingi mzazi husema, “Anataka kitabu cha sayansi,” huku mtoto amekaa kimya na kichwani ana swali tofauti kabisa. Akikwama utamsaidia, lakini neno la kwanza liwe lake.

Naona aibu. Nianzeje?

Salimia, kisha sema unachotafuta kwa maneno yako. “Shikamoo, natafuta habari za popo” inatosha. Hata “Shikamoo, mwalimu katupa kazi na sijaielewa” inatosha, tena hapo tunapata pa kuanzia. Ukitaka, andika swali kwenye kipande cha karatasi utupe. Wapo wanaofanya hivyo kila mara na hatuwalazimishi kusema kwa sauti.

Mbona mkutubi ananiuliza maswali badala ya kunionyesha kitabu?

Kwa sababu swali la kwanza mara nyingi ni mlango tu wa swali lenyewe. Mtoto anakuja anasema, “Vitabu vya wanyama viko wapi?” Tukimpeleka kwenye rafu ya wanyama tukamwacha hapo, atafungua picha za simba na tembo, kisha ataondoka. Tukimuuliza, “Unataka kujua nini kuhusu wanyama?” anasema ng'ombe. “Nini kuhusu ng'ombe?” Anasema ng'ombe wa kwao wakilala wanatafuna wakati hakuna majani. Hapo ndipo tunajua anataka habari za kucheua: tumbo la ng'ombe lenye vyumba vinne, na chakula kinachorudi kinywani kutafunwa upya. Habari hiyo iko kwenye kitabu cha ufugaji, rafu nyingine kabisa na ile ya simba.

Maswali ya kutumwa yana ugumu wake. Mwanafunzi ameagizwa na mwalimu, amesikia neno nusu, na sasa anatafuta “kitabu cha Berlini”. Anaweza kuwa anataka habari za mji. Lakini akiwa wa kidato cha pili au cha tatu na kazi ni ya historia, yamkini ni Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ambapo mataifa ya Ulaya yaliwekeana masharti ya kugawana Afrika. Ndiyo maana tunauliza: somo gani, kidato gani, kazi inatakiwa lini, insha au jedwali, kurasa ngapi. Ukiwa na daftari ambamo mwalimu ameandikisha swali, lete. Linatuokolea muda mwingi.

Hatuulizi ili kukupima, na hakuna jibu la kukosa.

Mtanifanyia kazi ya nyumbani?

Hapana. Tutakuonyesha kitabu, tutakufundisha kutumia yaliyomo mwanzoni na faharasa mwishoni, tutasoma nawe aya ngumu ukitaka. Kuandika ni kwako. Ila kwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili hatuna ukali huo: akiuliza jina la ndege mwenye shingo ndefu na miguu mirefu, tutamfungulia ukurasa wenye picha ya heroe na kumsomea. Ana miaka sita. Akifika darasa la tano tutamwachia afungue mwenyewe.

Nimepewa mada “Vita vya Maji Maji”. Vitabu ni vingi, nashindwa pa kuanzia.

Mada hiyo ni pana mno kwa insha ya kurasa tatu. Anza na kitabu cha rejea, kwa mfano ensaiklopidia au kitabu cha historia ya Tanzania chenye sura fupi, upate mifupa ya habari: vita vya kupinga utawala wa Wajerumani vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, vikasambaa kusini yote, vikaisha 1907. Soma kurasa hizo mbili tatu halafu funga kitabu ujiulize umebaki na shauku ya kujua nini.

Labda ni kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Labda ni Kinjeketile wa Ngarambe na imani kwamba maji yake ya dawa yangewakinga wapiganaji na risasi. Labda ni njaa iliyofuata, baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Chagua moja na uligeuze liwe swali lenye “kwa nini” au “vipi”. “Kwa nini watu wengi walikufa kwa njaa baada ya mapigano?” ni swali unaloweza kulijibu kwa kurasa tatu na ukamaliza. Njoo nalo mezani, nasi tutakutafutia sura mahsusi. Ukiwa Songea au karibu yake, Makumbusho ya Maji Maji nayo ni chanzo, tena cha kuona kwa macho.

Nimekuta vitabu viwili vinatofautiana. Nimwamini nani?

Hili ndilo swali ninalolifurahia kuliko yote, maana mwenye kuliuliza amesoma vitabu viwili.

Kwanza tazama mwaka wa kuchapishwa, nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Atlasi ya mwaka 2010 haina mikoa ya Geita, Simiyu, Njombe na Katavi, kwa sababu ilianzishwa 2012. Songwe ulifuata 2016. Haina pia nchi ya Sudan Kusini, iliyopata uhuru 2011. Kitabu cha sayansi cha kabla ya 2006 kitakuhesabia sayari tisa, Pluto ikiwemo. Vitabu hivyo vilikuwa sahihi siku vilipochapishwa.

Pili, uliza namba imepatikanaje. Urefu wa Mlima Kilimanjaro kwenye vitabu vingi ni mita 5,895. Upimaji wa mwaka 1999 uliotumia satelaiti ulitoa mita 5,892. Mlima haukupungua, vyombo na njia ya kupima vilibadilika. Kwenye mtihani andika inayotumika darasani. Kwenye insha unaweza kutaja zote mbili na miaka yake.

Tatu, uliza nani alihesabu na alikuwa upande gani. Idadi ya waliokufa kwa vita na njaa ya Maji Maji utaikuta kitabu kimoja ikiwa 75,000 na kingine ikikaribia 300,000. Hakuna aliyezunguka kijiji kwa kijiji kuhesabu. Makadirio madogo yalitokana na Wajerumani wenyewe, na wanahistoria wa baadaye, wakizingatia njaa, waliyapandisha. Mwanafunzi anayeandika hivyo kwa sentensi mbili amefanya kazi nzuri kuliko aliyechagua namba moja na kukaa kimya kuhusu nyingine.

Neno silioni kwenye kamusi, na nina hakika lipo. Kwa nini?

Huenda unalitafuta likiwa limevaa viambishi. Kamusi za Kiswahili, ikiwemo Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981, hupanga vitenzi kwa mzizi wake. Ukitafuta “walituandalia” kwenye W hutalipata. Ondoa nafsi, njeo na mtendwa (wa-li-tu), unabaki na “andalia”. Ondoa kauli ya kutendea, unafika kwenye “andaa”. Vitenzi vifupi navyo vinawachanganya wengi: “kula” iko kwenye L, “kunywa” iko kwenye N.

Nomino zinatafutwa kwa umoja. Meno yako kwenye “jino”, nyuso kwenye “uso”, ndimi kwenye “ulimi”. Njoo na neno linalokushinda tulivue pamoja mara mbili tatu. Baada ya hapo mkono wenyewe unazoea. Ukiwa wa shule ya msingi, zipo kamusi za picha na kamusi ndogo za wanafunzi ambazo hazikuzamishi kwenye maneno elfu kwa ajili ya moja.

Namba zilizobandikwa mgongoni mwa vitabu ni za nini?

Ni anwani ya kitabu rafuni. Maktaba nyingi zinatumia mfumo wa desimali wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza 1876, unaogawa maarifa kuanzia 000 hadi 999. Vitabu vya 500 ni vya sayansi, vya 600 ni vya matumizi ya sayansi kama tiba, kilimo na upishi, vya 900 ni historia na jiografia. Ndiyo maana simba anakaa 599 pamoja na wanyama wanaonyonyesha, wakati mbuzi wa kufugwa anakaa 636 kwenye ufugaji. Historia ya Tanzania iko 967.8. Hadithi za kimapokeo, zile za sungura na fisi, ziko 398.2, na watoto wakishajua namba hiyo hawaisahau.

Usiukariri mfumo wote. Ijue namba ya kitu unachokipenda, mengine uliza.

Intaneti na programu za akili mnemba (AI) si zinatosha?

Zinasaidia, nasi wenyewe tunazitumia. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2003, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukiisoma, shuka mpaka chini kwenye marejeo uone habari imetoka wapi. Kama makala haina marejeo hata moja, itafutie ushahidi kwingine kabla hujainakili.

Programu za akili mnemba zinahitaji uangalifu zaidi. Zinaandika Kiswahili kinachosomeka, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, hata pale zinapokosea. Wanafunzi huja na orodha ya vitabu waliyopewa na programu hizo, tunatafuta kwenye katalogi, tunatafuta kwingine, na kumbe baadhi ya vitabu hivyo havijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Mtoto wa watu amepoteza siku nzima. Kwa hiyo ukipata jibu huko, lichukue kama uvumi uliousikia njiani: huenda ni kweli, ila lazima ulithibitishe kwa kitabu au kwa chanzo chenye mwandishi, mwaka na mahali. Njoo nalo, tulithibitishe pamoja.

Kwa mdogo asiye na simu, hatuoni kama amepungukiwa. Kwa maswali mengi ya shule ya msingi, ensaiklopidia ya watoto hujibu upesi na bila matangazo.

Nina swali la siri, kuhusu mwili wangu au mambo ya nyumbani. Mtamwambia nani?

Hatumwambii mzazi, mwalimu wala rafiki yako ulichouliza au ulichosoma. Maswali ya hedhi, ndoto za usiku, chunusi, mimba, VVU, mapenzi: tunayasikia mara nyingi, hatushangai, hatucheki na hatukuhubirii. Ukitaka kwenda mwenyewe, tutakuandikia namba tu kwenye karatasi. Vitabu vya mwili wa binadamu viko 612 na vya kutunza afya viko 613. Chukua, kaa kona unayotaka, soma.

Mipaka yetu ni miwili. Sisi si madaktari: hatuwezi kukuambia kama dalili uliyonayo ni ugonjwa gani, ila tutakuonyesha huduma ya vijana iko kituo gani cha afya. Na kama maneno yako yanaonyesha kwamba unapigwa, unaingiliwa kingono, au maisha yako yako hatarini, hatutakaa kimya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Tutakuambia wewe kwanza kabla ya kumwambia mwingine. Unaweza pia kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo. Namba hiyo inatumika Tanzania na Kenya.

Wazazi wengine hukasirika tunapokataa kuwaambia mtoto wao alisoma nini. Tunaielewa hofu yao. Lakini kijana akijua kwamba maktaba inamchongea, atapeleka swali lake kijiweni, na majibu ya kijiweni kuhusu mimba na VVU yamewaharibia watoto wengi maisha.

Naweza kuuliza swali lisilo la shule?

Ndiyo, na ulete mengi. Namna ya kutengeneza kiota cha njiwa. Mchezaji fulani alizaliwa lini. Kwa nini popo analala kichwa chini. Mtoto anayeuliza kwa kupenda hukaa na kitabu muda mrefu kuliko aliyetumwa, na hurudi wiki inayofuata.

Mwanangu haoni. Kuna nini kwa ajili yake?

Vitabu vya nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa kugusa kwa vidole, vipo katika baadhi ya maktaba, havitoshi, na hatutaki kukuficha hilo. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania na Kenya zimejiunga nao, unaruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu au sauti kwa wasioona bila kusubiri ruhusa ya mwenye hakimiliki. Njoo uulize kabla ya siku unayohitaji kitabu. Kama hakipo, mkutubi anaweza kumsomea mtoto sura anayoitaka, naye mtoto aandike kwa mashine yake ya nukta nundu.

Kwa nini vitabu vya rejea haviazimwi?

Kwa sababu vinafunguliwa na watu wengi kwa dakika chache kila mmoja. Kamusi ikikaa nyumbani kwa mtu majuma mawili, wengine wote wanarudi mikono mitupu. Unaweza kunakili kwa mkono, kupiga picha ukurasa kwa simu ya mzazi, au kutoa fotokopi ya kurasa chache.

Mimi ni mwalimu. Niwatumeje wanafunzi?

Tuarifu kabla. Darasa la wanafunzi 60 likija siku moja na swali moja, na kitabu kinachofaa ni nakala mbili, 58 watarudi bila kitu na kuamini kwamba maktaba haina msaada. Ukituletea swali siku tatu nne kabla, tutatenga vitabu mezani visiazimwe, tutatafuta magazeti na ramani zinazohusu mada hiyo hiyo, na tutakushauri uwagawe kwa makundi yenye maswali tofauti. Waandikishe swali kwenye daftari, neno kwa neno.

Tunakuomba pia usiwatume maktaba kama adhabu. Anayeletwa hapa kwa kosa la kupiga kelele hafungui kitabu, na akimaliza shule haji tena.

Tunaishi mbali na maktaba. Tufanyeje?

Vitabu vya kiada vya Tanzania vinapatikana kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, hata kwa simu ya jirani au ya mwalimu. Maktaba nyingine hujibu maswali kwa simu. Tuma swali lililoandikwa kamili, na darasa lako. Kaskazini mashariki mwa Kenya, tangu 1996, vitabu vimekuwa vikipelekwa kwa ngamia kwenye jamii za wafugaji wa Garissa, nasi tunatamani kuona kila wilaya yetu ikiwa na namna yake ya kuwafikia watoto, kwa gari, bajaji au baiskeli.

Na mkishindwa kupata jibu?

Tutakuambia wazi kwamba hatujapata, tutakuonyesha tulikotafuta, na tutaandika swali lako. Tunaweza kuwauliza wenzetu wa Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, iliyofunguliwa Desemba 1967 na yenye mkusanyo mkubwa wa vitabu vilivyochapishwa nchini. Maswali ya historia ya kijiji chako mara nyingi yanajibiwa na wazee wa kijiji hicho, na tutakusaidia kutunga maswali ya kwenda kuwauliza: jina, mwaka, tukio, nani mwingine alikuwepo. Ukirudi na majibu yao yakiwa yameandikwa vizuri, tunaomba nakala.

Siku ya kwanza nije na nini?

Daftari, kalamu na swali. Begi utaliacha mapokezi. Ukitaka kuazima, njoo na fomu iliyosainiwa na mzazi, mlezi au mwalimu. Kwa kuuliza tu, huhitaji fomu.